Ramani Niliyomchorea Mwalimu

Kuna watu wakifika mji mgeni hutafuta kwanza kanisa, wengine hutafuta mahali pa kulala. Mimi hutafuta kaskazini. Nimeuza mitumba kwenye minada ya Mugumu na Nyambureti, nimevuka Sirari na kurudi hadi nimeacha kuhesabu, nimepika ugali kwenye machimbo ya mikoa ambayo lugha zake sikuzijua. Kila ninapotua mzigo hunyoosha mkono wa kulia kule jua linakochomoza, na kaskazini inakuwa mbele ya pua yangu. Sina haja nayo. Ni mazoea niliyopewa na mtu mmoja aliyenifundisha Jiografia kidato cha kwanza, na ambaye mpaka leo, nikiwa na miaka arobaini na kitu, sijamsamehe.

Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nilimlipa. Ninaandika kwa sababu malipo yale bado yananifurahisha.

Ilikuwa miaka ile ya rashi, watu walipokimbilia dhahabu. Dhahabu ilikuwa imetoka upande wa Tarime, ng'ambo ya Mto Mara, kisha watu wakaanza kusema kwamba hata vilima vya kwetu, huku Serengeti upande wa Machochwe, vina mawe ya aina ileile. Wageni wakaja na sululu na nyundo. Vijana wakaacha kuchunga. Darasani kwetu madawati ya nyuma yalibaki matupu, maana wavulana wakubwa walikwenda kuponda mawe kwa nyundo mchana kutwa na kurudi na nywele nyeupe kama wazee. Hata walimu walianza kutembea wakiangalia chini.

Mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa mgeni, mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa hata masika. Alijua kufundisha, siwezi kumnyima hilo. Somo alilifundisha kwa Kiingereza na matusi kwa Kiswahili. Tulipofika kwenye usomaji wa ramani alitupa kazi ya nyumbani ambayo wakati ule tuliiona ya ajabu kidogo, lakini nani angemwuliza mwalimu?

"Kila mmoja alete jiwe kutoka kwao," alisema. "Jiwe jeupe likipatikana, vizuri zaidi. Na achore ramani ya mahali alipoliokota."

Kabla sijasema kilichotokea, inabidi niieleze nyumba yetu, kwa sababu ndiyo aliyoichekea.

Bibi yangu alikuwa na ng'ombe lakini hakuwa na mtoto wa kiume. Kwa Wakurya mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa mahari na kuoa mke, ili nyumba yake isife. Bibi alimwoa mama yangu. Sisi tuliozaliwa tulikuwa watoto wa nyumba ya bibi. Tulimwita bibi, lakini kwenye mambo ya mji, ya ng'ombe, ya mashamba na ya vikao, yeye ndiye aliyekuwa baba. Hakuna aliyeona ajabu. Jumapili alikaa kanisani benchi la mbele, na akitoka nje wanaume walimwamkia kwanza yeye kabla ya kuzungumzia mvua.

Nilichora ramani yangu nikiwa nimekaa kwenye mlango wa bibi. Kilima kilikuwa mbele yangu, kwa hiyo nikakiweka juu ya karatasi. Shamba la mihogo likawa chini ya kilima, zizi katikati, nyumba ya bibi, nyumba ya mama, na msalaba mdogo pale nilipookota jiwe, kwenye mpaka wa shamba ambapo maji ya mvua yalikuwa yamekata udongo. Jiwe lenyewe lilikuwa jeupe, lina mistari ya kutu. Ukiligeuza kwenye jua, kitu kama unga wa njano kilicheka ndani yake.

Mwalimu aliligeuza kwenye jua kwa muda mrefu. Kisha akainua karatasi yangu darasa zima liione.

"Kaskazini iko wapi?"

Sikuwa nimeweka mshale wa kaskazini.

"Skeli iko wapi? Hii ni ramani au ni mkeka? Na hapa umeandika nyumba ya bibi, nyumba ya mama. Nyumba ya baba iko wapi?"

"Bibi ndiye baba," nikasema.

Kwanza hakuna aliyecheka. Wote walikuwa watoto wa huko huko, walijua ninachosema. Mwalimu ndiye aliyecheka. Alicheka akishika meza, akasema, "Kwa hiyo kwenu jogoo hutaga!" Hapo ndipo darasa likacheka, kwa sababu mwalimu akicheka mwanafunzi anayebaki kimya huonekana ana kiburi. Ninawakumbuka wawili waliocheka kwa sauti kuliko wote. Wote wawili walitoka kwenye nyumba kama yetu.

Akanipa sifuri. Akanipeleka nikasimame kwenye kona, nimeelekea ukutani, akasema kona ile ndiyo kaskazini na nitasimama hapo kila kipindi chake mpaka niijue. Nilisimama hapo kipindi baada ya kipindi. Jina langu likafa, nikawa Kaskazini. "Wewe Kaskazini, leta chaki." "Kaskazini, futa ubao." Kwenye bomba la maji hata watoto wa madarasa mengine waliniuliza, "Kaskazini, kusini hajambo?"

Lakini ramani yenye sifuri hakunirudishia. Wengine wote walirudishiwa za kwao.

Jumamosi moja nilikuwa napalilia na bibi. Mwalimu akatokea na baiskeli, nyuma yake vijana wawili wa sululu ambao hawakuwa wa kwetu. Mkononi alikuwa na karatasi yangu. Alikuwa ameigeuza geuza mpaka ikakubaliana na kilima. Hakunitazama. Wala hakumwamkia bibi, mtu aliyemzidi umri kiasi cha kumzaa.

"Mama, mwenye shamba yuko wapi?"

"Ndiye mimi," bibi akasema. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini hicho alikijua.

"Nataka kuongea na mwanaume."

"Ongea na mimi."

Mwalimu akatabasamu kama mtu anayemtania mtoto. "Basi sikiliza. Mali iliyo chini ya ardhi ni ya serikali. Wewe mama una ya juu tu. Mihogo yako kula, hakuna atakayekuzuia. Sisi tunashughulika na ya chini."

Vijana wakaenda moja kwa moja kwenye msalaba wangu, wakaanza kung'oa mihogo.

Niliwaza kwamba watu wangekuja. Watu walikuja, lakini walikuja kuuliza kama kuna kazi. Katika wiki chache shimo lao, duara kama wachimbaji wanavyoliita, lilikuwa refu kuliko mtu, na likawa na kaka zake pembeni. Vifusi vya udongo mwekundu vilifunika mihogo iliyobaki. Mwalimu alikuja kila Jumamosi na Jumapili, amevua viatu vyake vinavyong'aa na kuviweka juu ya jiwe. Jumatatu alitufundisha juu ya uhifadhi wa ardhi.

Siku moja mtamba wa bibi, aliyekuwa na mimba ya kwanza, alitumbukia ndani ya duara akavunjika mguu. Ikabidi achinjwe palepale. Bibi alisimama juu ya shimo, mikono nyuma, na kijana mmoja wa mwalimu akamwuliza kama wanaweza kupata maini.

Jioni ile bibi aliniita kwenye jiko lake. Alikuwa anasonga ugali wa ulezi na aliendelea kusonga wakati anaongea.

"Yule mtu alijuaje jiwe lilikotoka?"

"Kwa ramani, bibi. Mimi ndiye niliyemchorea. Ilikuwa kazi ya shule."

Nilingoja mwiko unipige. Bibi aliugonga mwiko kwenye ukingo wa chungu, akaufuta kwa kidole.

"Anaiamini sana, hiyo ramani?"

"Sana."

"Basi mchoree nyingine."

Ng'ambo ya korongo, mbali kidogo na shamba letu, kulikuwa na mahame ya ukoo. Zamani sana watu wetu waliishi pale. Yamebaki mawe yaliyopangwa kwa duara kubwa, ambayo yalikuwa ukuta wa zizi, na ndani ya duara wamelala wazee waliojenga. Ng'ombe wanaruhusiwa kula majani pale. Jembe haliruhusiwi. Mtoto wa kwetu anajua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Anayepasua udongo wa pale huitwa mbele ya wazee, hutoa dume la ng'ombe, na hakuna mtu anayekula naye mpaka mambo yasafishwe.

Wakati huo mwalimu alikuwa ameanza kununa. Duara la kwetu lilikuwa limempa dhahabu kidogo ya kumtia wazimu, kisha mwamba ukakonda na maji yakaingia. Akanifuata kwenye kona yangu.

"Kaskazini, nyie kwenu mna mawe mazuri. Lete jingine. Na rudia ramani, safari hii iwe kamili, nifute ile sifuri."

Bibi alichukua jiwe lingine jeupe la shambani kwetu, zuri kuliko la kwanza, tukaenda nalo mpaka kwenye mahame. Alisimama nje ya mawe akalirusha ndani. Likaanguka kwenye majani.

"Haya, nenda ukaliokote. Ukiulizwa umeliokota wapi, useme ukweli. Sitaki mjukuu wangu awe mwongo."

Kisha tukapima. Sijawahi kufanya kazi ya shule kwa bidii kama ile. Bibi alishika ncha moja ya kamba ya kufungia ndama, mimi ncha nyingine, tukapima kutoka njia panda hadi korongo, kutoka korongo hadi mawe. Alikuwa anacheka peke yake. Nikaweka kichwa cha ramani, nikaweka ufunguo, nikaweka skeli iliyonyooka kama uzi. Mawe ya duara niliyachora moja moja, na kwenye ufunguo nikaandika: mawe yaliyopangwa, ya zamani. Mwisho nikachora mshale wa kaskazini, mkubwa, wenye kivuli, mzuri kuliko wa kitabuni.

Mwalimu aliitazama mpaka chaki ikamdondoka.

"Jamani," akasema, "hii sasa ndiyo ramani!" Akasoma kila kitu kwa sauti. Alipofika kwenye mawe yaliyopangwa akanyanyua uso. Wiki moja kabla alikuwa ametufundisha kwamba Wajerumani walichimba dhahabu huku kabla ya babu zetu kuota ndevu. "Mawe yaliyopangwa, ya zamani. Mnajua hao ni nani? Wajerumani hao! Mzungu hapangi mawe bure."

Akanipa alama zote, akanirudisha kwenye dawati langu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaibandika ramani ukutani kwa gundi ya ugali, chini ya ubao, kila mtu aione.

Wote waliiona. Wakati wa mapumziko walijazana mbele yake. Walijua njia panda ile, walijua korongo lile, walikuwa wamechunga ng'ombe juu ya mawe yale. Jirani yangu wa dawati, mvulana mkubwa aliyeshatahiriwa na ambaye babu yake alikuwa mmoja wa wazee wa mila, alisogea mpaka pua yake ikakaribia karatasi. Akageuka kunitazama. Ndiye aliyenianzishia ule utani wa kusini. Nilimtazama nami. Sikupepesa.

Kipindi kilichofuata mwalimu aligonga ramani kwa fimbo.

"Nani anapafahamu mahali hapa? Kuna mtu anachimba hapa?"

Darasa zima lilikuwa linaangalia madaftari. Hata wale wawili.

"Wewe, mura," alisema, akimwelekea jirani yangu. Neno hilo la kuwaita vijana alikuwa ameshajifunza, na alipenda kulitumia vibaya. "Unapajua?"

Jirani yangu akasimama taratibu, mrefu, magoti yakigonga dawati.

"Hapana mwalimu. Lakini ramani imechorwa vizuri sana."

Akakaa. Chini ya dawati alinikanyaga mguu, si kwa kuniumiza. Watoto waliokuwa wameninyang'anya jina walikaa kimya pamoja nami wiki nzima, na kila aliyepita mbele ya ukuta ule alipita kama mtu aliyebeba maji. Sijawahi kupendwa na darasa kama wiki ile.

Jumamosi yowe lilipigwa kabla ya saa za chai. Wachungaji walikuwa wamewaona watu ndani ya mahame, sululu juu. Kwetu yowe likipigwa hakuna anayeuliza. Wanaume hushika fimbo na kukimbia, wanawake hufuata wakilipokea yowe na kulipeleka mbele. Bibi hakukimbia. Alifunga kanga yake vizuri, akachukua fimbo yake ya mji, akaniambia, "Twende, polepole. Sisi hatuna haraka."

Tulipofika mwalimu alikuwa ameketishwa chini, kwenye udongo alioufukua mwenyewe. Vijana wake walikuwa wamekimbia na kumwachia hata sululu. Hakupigwa, wazee walikataza. Viatu vyake vilikuwa juu ya moja ya mawe ya ukuta, vinang'aa, na nadhani vile viatu viliwauma wazee kuliko shimo.

"Nani amekuleta hapa?" mzee mmoja akamwuliza.

"Nimeongozwa na ramani. Ya mwanafunzi. Yule pale!" Akaninyooshea kidole. "Amenidanganya!"

Mzee akaniita. Nikapiga goti, nikaamkia.

"Umemdanganya mwalimu wako?"

"Hapana. Alituambia tulete jiwe na tuchore mahali tulipoliokota. Niliokota hapa, juu ya majani. Sikuchimba."

Mzee akachukua karatasi, ambayo mwalimu alikuwa ameibandua ukutani akaja nayo, akampa jirani yangu wa dawati aliyekuwa amekuja na babu yake. "Soma wewe. Hii karatasi inasema uongo?"

Akasoma. Njia panda, korongo, mawe. "Haina uongo, babu. Vyote vipo. Mwalimu mwenyewe ameipa alama zote, hii hapa kalamu nyekundu."

Watu wakaangua kicheko. Nimesikia vicheko vingi kwenye vilabu vya machimbo, lakini nikizeeka nikasahau vyote, kile nitabaki nacho.

Wazee walisema atoe dume la ng'ombe. Mwalimu akasema hayo ni mambo ya kishirikina, yeye ni mtumishi wa serikali. Mzee akamjibu kwa upole kwamba serikali ikimhitaji itamkuta hapo hapo alipokaa. Akakubali dume. Ndipo mzee akauliza kama kuna mwenye mji mwingine mwenye neno na mtu huyu, na bibi akainua fimbo.

"Ninalo. Lakini huyu aliniambia anaongea na wanaume tu."

Mzee akamgeukia mwalimu.

"Huyu unamjua ni nani?"

"Ni mama mmoja, jirani wa..."

"Ni baba wa nyumba ile. Umekuwa kwenye shamba lake miezi, na hujamwamkia. Mwamkie."

Mwalimu aliangalia udongo. Nilisogea mbele ili nisikose.

"Shikamoo... baba."

"Sauti," bibi akasema.

"Shikamoo baba!"

Bibi hakusema marahaba. Alisema, "Dume mle nyie wazee. Mimi nataka udongo wangu urudi ulikotoka. Maduara yote. Na afukie yeye, kwa mikono yake, asilete vibarua."

Akafukia. Alifukia Jumamosi na Jumapili mpaka muhula ukaisha, kwa koleo la kuazima, na shati lile la pasi likawa jekundu likabaki jekundu. Watoto wa shule walikuja kuangalia kama wanaangalia mpira. Mimi nilikaa juu ya kifusi, miguu ikining'inia, na kila alipoinua mgongo kupumzika nilimwambia kwa adabu, kama mwanafunzi anavyomwambia mwalimu wake:

"Mwalimu, upande wa kaskazini bado."

Aliniandikia sifuri kwenye mtihani wa mwisho, na mwaka uliofuata alihamishwa. Sifuri ile haikuniuma. Niliendelea na shule mpaka kidato cha nne na Jiografia sikufeli tena. Watu husema kisasi hakishibishi. Labda chao. Mimi nilishiba, na nikiona njaa inarudi ninakumbuka malengelenge ya mikono yake yakishika chaki siku ya Jumatatu, na mwandiko wake uliokuwa mzuri ukiyumba ubaoni.

Ila udongo uliofukuliwa haurudi ulivyokuwa. Kila masika pale palititia, na mihogo ya pale ilitoka myembamba. Bibi alijua pia kwamba mwalimu si wa mwisho. Miaka baadaye, alipokuwa anaugua na mimi nimeshaanza kuzurura, nilipita nyumbani akanionyesha kwa fimbo yake lile bonde dogo la maduara yaliyotitia.

"Mtanizika pale."

"Bibi, pale? Si karibu na nyumba?"

"Pale udongo ni laini, vijana hawatachoka." Akacheka mpaka akakohoa. "Yule mtu alisema mimi nina ya juu tu, ya chini ni ya watu wengine. Sasa nakwenda kukaa huko chini, nione nani atakuja kunitoa."

Tukamzika pale, akalala juu ya chochote kilichobaki kwenye ule mwamba. Wazee walikuja, wakapanga mawe kuzunguka. Tangu siku ile jembe haliingii, seuze sululu.

Mimi siwezi kukaa mahali pamoja, lakini kila mwaka lazima nirudi niyanyanyue mawe yaliyoanguka. Mara ya mwisho nilikuta vijana watatu wenye kifaa cha kutafutia dhahabu, kile kinacholia kama mbu. Kilikuwa kinalia sana. Walikuwa wamekwishavuka mawe, wamesimama katikati, na mmoja wao, mwenye viatu vizuri, akaniuliza bila salamu:

"Mama, mwenye shamba hili yuko wapi?"

"Mmemkanyaga," nikawaambia. "Mwamkieni kwanza."